Posa Iliyongojea Upepo

Mukabutera alikuwa na uso wa ibada na kichwa kilichojaa vituko, na watu wengi waliishia kwenye uso. Ndiyo maana hakuna aliyemuuliza kitu alipofika uwanja wa ndege wa Louisville akivuta valizi kubwa, ilhali safari yenyewe ilikuwa ya kulala na kurudi, tena ya kwenda jangwani.

Walikuwa wanaenda New Mexico kumposea Bisogo, mtoto wa kaka yake. Kaka, Methodi, angetoka Buffalo pamoja na kijana. Binamu yao Shami angetoka Reynoldsburg, pale Columbus, kwa sababu posa haiendi bila msemaji, na Shami alikuwa na mdomo ambao hata mashine za ghala anakofanya kazi hazikuwahi kuushinda.

Msichana, Gaju, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba yake, Ruhimbika. Mzee huyo aliishi Buffalo msimu mmoja tu wa baridi. Asubuhi moja alipiga koleo kwenye theluji mpaka akatoka jasho, akalifukua gari lote, akatia ufunguo, ndipo akagundua ni la jirani. Hakukaa tena. Alihamishia jamaa yake jangwani, na tangu hapo akawa anatuma picha za jua kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Sharti lake lilikuwa moja. "Mtoto yangu hatarudi kwenye ile friji. Bisogo akimtaka, ahamie huku."

"Huyu mzee atatuaibisha," Methodi alilalamika kwenye simu.

"Wewe omba tu," Mukabutera alimjibu.

Hakumwambia alichokiona kazini. Alikuwa akimlisha uji bibi mmoja Mmarekani anayemtunza, ambaye televisheni yake haitoki kwenye chaneli ya hali ya hewa. Kwenye ramani mstari wa buluu ulikuwa unashuka kutoka kaskazini, na mtangazaji alipitisha mkono juu ya jangwa lote: Jumamosi jioni upepo mkali, usiku baridi ya kugandisha maji. Mukabutera alisahau kijiko hewani mpaka bibi akamgusa mkono.

Jumamosi hiyo walifika kwenye joto kweli. Ruhimbika aliwapokea kwa shati la mikono mifupi na kandambili, akaiona valizi.

"Mukwe, humo umeleta nini, ng'ombe?"

"Nguo za ibada, Baba Gaju."

"Donc, basi, mutaabudu na jasho!" Akacheka mpaka akajishika tumbo.

Viti vilikuwa vimepangwa sebuleni. Mukabutera alisimama mlangoni, akaangalia nje kwa huzuni. "Jua zuri hivi, kisha tujifungie ndani? Sisi tunaotoka kwenye friji, mtunyime hata jua?"

Kifua cha Ruhimbika kilipanda kwa fahari. Viti vikatolewa uwani, meza ikatandikwa kitambaa cheupe, na mama yake Gaju, Leya, akaleta thermos za chai ya maziwa. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu. Mukabutera akaanza kuingiwa na wasiwasi. Je, kama televisheni imedanganya?

"Shami," alinong'ona, "leo usifupishe."

Shami hakuwahi kuambiwa neno hilo maishani. Alisimama, akaanzia kwa babu wa babu, akavusha ng'ombe mito yote ya milima ya Itombwe, kule Kongo, akataja na majina ya ng'ombe wenyewe. Methodi akasinzia. Shami alipokaa, Mukabutera aliomba ruhusa ya kusali. Akawaombea watu wa Louisville, mmoja mmoja, kwa jina. Akaenda Columbus. Alipofika Buffalo alifungua jicho moja, akaona upande wa kaskazini ukuta wa vumbi rangi ya kahawa ukija. Watu wa Buffalo aliwaombea polepole.

Upepo ulifika kabla ya amina. Kitambaa kiliruka kikamfunika Methodi kichwa, viti vya plastiki vikakimbia hadi uzioni, Leya akazirukia thermos.

"Upepo tu!" Ruhimbika alipiga kelele, mchanga mdomoni. "Utapita!"

Kweli vumbi lilipita. Kilichokuja nyuma yake ndiyo baridi yenyewe. Jua liliposhuka, hewa ilikuwa inauma masikio. Mukabutera alifungua valizi bila haraka, akamvisha Methodi koti, Bisogo koti, Shami koti lenye manyoya, na yeye mwenyewe moja refu hadi kwenye viatu.

"Tuingie ndani?" Leya aliuliza.

"Hapana!" alisema Ruhimbika. Mikono ilikuwa kwapani, vidole vya miguu vimejikunja kwenye kandambili.

"Bon, tuendelee," Mukabutera alisema. "Baba Gaju, tueleze sharti lako, ile habari ya baridi ya Buffalo."

"Ile... ile ba-baridi..."

"Lakini wewe ni mtu wa milima. Si ulichunga ng'ombe kwenye ukungu bila viatu? Unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Vizuri. Koti moja limebaki. Lakini ni la Buffalo, sijui kama utalitaka."

Ruhimbika alinyoosha mkono, akaurudisha kwapani. Leya ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Vaa, mzee, ama posa itageuka kilio!"

Akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. "Bon," sauti ilitoka ndani ya kola. "Baridi iko kila mahali. Waende wanakotaka."

"Haleluya!" Methodi aliruka. "Buffalo!"

Hapo Gaju alitoka jikoni amejifunika blanketi. "Asante, baba. Umesema tunakotaka?"

"Nimesema."

"Basi tunataka Columbus. Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, na Bisogo amepata kazi."

Methodi alibaki mikono juu. Bisogo alikagua viatu vyake. Shami akakohoa. Mukabutera alimgeukia taratibu.

"Wewe ulijua?"

"Nyumba ya kupanga ni mimi niliwatafutia, jirani yangu kabisa. Dada, ulisema nisifupishe. Hiyo nilikuwa nimeiweka mwisho."

Mukabutera aliitazama valizi yake, sasa tupu. Alijisikia kama mtu aliyefungua mlango kwa nguvu zote na kukuta haukuwa umefungwa. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, si cha ibada hata kidogo.

Waliingia wote ndani. Ruhimbika na Methodi walikaa kochi moja, wakaisema Columbus vibaya kwa sauti moja: haina jua, haina theluji ya maana, haina ndugu zaidi ya Shami. Walielewana kuliko walivyowahi kuelewana. Jikoni Leya alikuwa anageuza ugali, madirisha yametoka jasho.

"Shangazi, umekasirika?" Gaju aliuliza.

"Sana," alisema Mukabutera. "Sogea nikae karibu na jiko."