Jalada Lina Wanawake Wawili

1.

Chak.

Hujaona kitu bado. Umesikia tu. Hata mimi niliyebonyeza sikuona, maana ndani ya kamera yangu kuna kioo kidogo, na kila ninapobonyeza, kioo hicho huruka juu na kuliacha jicho langu gizani. Wakati ule ule picha inapoingia, mpiga picha ni kipofu.

Wenye simu hawalijui hili. Wanainua mikono juu kama watu waliotekwa, wanapiga sahani ya chipsi mara arobaini, halafu wanajiita wapiga picha.

Naitwa Shija. Nina miaka ishirini na saba. Siku za kazi naandika programu, Jumamosi napiga picha, na mashairi nilijifunza mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole. Katika hayo matatu hakuna aliyenifundisha hata moja. Sina wa kumshukuru.

2.

MRADI WA DAFTARI MOJA
Kitengo cha Ghala la Data
TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE

Mnajulishwa kuwa kazi ya kusafisha rekodi za wagonjwa imekamilika kwa mafanikio makubwa. Jumla ya rekodi 38,114 zilizojirudia zimeondolewa. Wageni wa Mradi watawasili Ijumaa saa mbili kamili asubuhi. Watumishi wavae nadhifu. Kuanzia leo, Jumatano, ni marufuku kubadili chochote ghalani hadi Jumatatu.

A. Mbonde
Mkuu wa Kitengo

(Siku yake ya kwanza kazini, Mbonde aliniuliza kama ghala lina mlinzi wa usiku.)

3.

Ghala la data si la mahindi, ingawa panya wapo.

Kila zahanati na kila kambi ya matibabu huandika wagonjwa wake kwa namna yake. Maandishi hayo yote yanamiminwa mahali pamoja, kwenye kompyuta, ili mkubwa akiuliza swali moja apate jibu moja. Shida ni kwamba mtu mmoja huingia mara nne. Huku kwetu Shinyanga mtu ana jina la nyumbani, jina la kanisani, na jina alilompa karani siku ana haraka. Zahanati ni Ng'washi. Hospitali ni Restituta. Mtu yule yule, kikohozi kile kile.

Walileta mtaalamu kutoka nje. Alikaa wiki mbili, akanywa maji ya chupa, akaondoka na chati.

Mimi nilimaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

4.

        kama jina la baba ni lile lile
        na kijiji ni kile kile
        na tarehe ya kuzaliwa ni ile ile
        na jinsia ni ile ile, huyo ni mtu mmoja

Mistari minne. Ubeti kamili. Jina la kwanza nililitupa. "Jina la kwanza ni uongo," niliwaambia kwenye kikao, na wakacheka, na wakaandika kwenye vijitabu vyao walivyogawiwa bure.

Umeshaliona kosa?

Msukuma yeyote anayesoma hapa ameshaliona. Mama yangu angeliona huku anachambua mchele. Mimi nilikaa nalo miezi saba, nikilipenda.

5.

Picha. Mnadani, mwezi wa tisa mwaka jana. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ungo wa michembe mbele yake: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama vigae. Macho yote mawili yana ukungu mweupe. Anaitwa Kulwa.

"Piga haraka, kijana. Mimi si ng'ombe wa kuuzwa."

Nilimwambia nitamletea nakala.

6.

[Kipande hiki kinalingana na kipande cha 5: mahali pale pale, siku ile ile, mwanamke wa umri ule ule. Vimeunganishwa. Huhitaji kufanya lolote.]

7.

Mgahawani nyuma ya ofisi. Wenzangu wawili mezani. Hawajui kuwa niko nyuma ya nguzo.

— Yule Shija, kamera shingoni kama kengele ya ng'ombe.
— Afadhali ng'ombe. Akipotea, kengele inasaidia.
— Eti anaandika mashairi.
— Ya mapenzi?
— Ndiyo.
— Anampenda nani?
— Shija.

Walicheka hadi supu ikaingia puani kwa mmoja wao. Nilifurahi ilipoingia.

8.

KUTOKA: Mapokezi, Kambi ya Macho
KWENDA: Ghala la Data

Tuna mama hapa tangu Jumatatu, anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Mfumo unasema amefariki. Yeye anasema hajafariki. Tufuate lipi? Madaktari hawa huja mara moja kwa mwaka. Kambi inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na daktari hampokei mtu asiye kwenye orodha ya mfumo.

JIBU: Fuateni mfumo. A.M.

9.

Mimi ni Doto binti Ndalahwa. Leo siku ya tatu nimekaa kwenye benchi hili.

Jicho la kushoto liliondoka mwaka juzi. La kulia linaona kivuli cha mkono wangu, nikiusogeza karibu na pua. Binti wa dirishani anasoma kwenye kioo chake: "Mama, wewe ulifariki mwezi wa tano." Nikamwambia, mwanangu, aliyefariki mwezi wa tano ni Kulwa, pacha wangu. Nilimwosha kwa mikono hii. Sikuhitaji macho kumjua.

Akasema mfumo unaonyesha mtu mmoja.

Nikamwambia tulikuwa wawili tumboni, na mama yetu hakuwa na mfumo, lakini aliweza kuhesabu hadi mbili.

Benchi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Hawa wanaosoma kwenye vioo hawacheki mpaka kioo kiwaruhusu.

"Una uthibitisho kwamba wewe si marehemu?" akaniuliza.

Nikamwambia asogee karibu nimfinye.

10.

Alhamisi asubuhi Mbonde alinirushia ule ujumbe wa kambi. Juu yake aliandika: *Shija, wafu wako wanafufuka, ha ha.*

Nikafungua rekodi.

        Baba: Ndalahwa
        Kijiji: kile kile
        Kuzaliwa: 1 Julai 1961
        Jinsia: Ke
        Hali: AMEFARIKI

Huyo ni mtu mmoja. Kanuni yangu ilikuwa imewachukua Kulwa na Doto, wauza michembe wangu wa mnadani, ikawabana pamoja, na kifo cha mmoja kikawatosha wote wawili.

Nikaliuliza ghala: nipe kila Kulwa na kila Doto uliowaunganisha. Jozi 1,206. Kina Hasani na Huseni sikuwahesabu. Mapacha waliopewa majina ya watakatifu nisingejua hata pa kuanzia.

Kisha nikaandika jina la baba yangu. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Nina kaka wawili. Mmoja ni fundi wa pampu za maji, mwingine ni mwalimu wa hesabu. Ghalani ni mwanamume mmoja mwenye shinikizo la damu na mguu uliovunjika.

Kwetu majina hayaokotwi njiani. Pacha anayetoka kwanza ni Kulwa. Anayemfuata ni Doto. Na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, kila mtu anajua, anaitwa

 

Shija.

 

Nimeitwa hivyo kila siku ya maisha yangu. Jina lenyewe ni taarifa. Na jina la kwanza nililitupa.

11.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Funga mlango. Baridi ya kiyoyozi inatoka."

"Ile kanuni ina kosa. Imefuta mapacha. Tuwarudishe leo, kuna mama kambini anakosa upasuaji."

"Tukirudisha, thelathini na nane elfu inakuwa ngapi?"

"Inapungua."

"Inapungua." Alilegeza tai yake, ile ya bluu yenye vidoti, aliyoinunua kwa ajili ya wageni. "Nimeshachapisha, Shija. Nakala mia mbili. Za rangi."

Akanisukumia nakala moja ya ripoti. Jaladani kulikuwa na picha. Picha yangu. Waliichukua kwenye kompyuta yangu bila hata kuomba, wakaikata pembeni vibaya kama mtu anayekata mkate kwa kijiko. Kulwa na Doto bega kwa bega, nyungo mbili za michembe, vicheko viwili. Chini yake: KILA MTU ANAHESABIKA.

"Bosi, hapa kwenye jalada wako wangapi?"

"Wawili. Kwani mimi sioni?"

"Humo ndani wako mmoja. Na amekufa."

Aliitazama. Niseme kweli, aliitazama kwa muda. Kisha akaigeuza kifudifudi.

"Picha si data, kijana. Jumatatu fanya utakavyo. Na usinikazie macho hivyo. Kanuni niliiandika mimi?"

Saa sita mchana alinifungia ruhusa ya kuandika ghalani. Kusoma aliniachia, kwa sababu kesho ni mimi ninayeendesha projekta mbele ya wageni. Naona kila kitu. Sigusi chochote.

12.

Nilirudi mezani kwangu nikamwandikia ubeti. Nilipanga kuubandika mlangoni kwake.

        Ewe mwenye tai shingo, uketiye kwa fahari,
        Takwimu zako uongo, umezipamba johari,
        Humwoni aliye chongo, wala mwenye kusubiri,
        Wahesabu watu nusu, ukajiita hodari.

Mizani kumi na sita kila mstari. Nilihesabu mara mbili. Nikausoma tena kwa sauti ya chini, nikimtafuta Mbonde ndani yake.

Tai sina.

Mengine yote ni yangu.

13.

Nilivyobeba kwenda kambini, Alhamisi, saa nane mchana:

kamera;
ripoti moja, jalada likiwa juu;
picha tatu za mnadani, zilizochapishwa njiani kwa fundi anayebandika maua kwenye nyuso za maharusi. Alitaka kumwondolea Kulwa makunyanzi. Nilimwambia akigusa kunyanzi moja nitamvunjia mashine;
ubeti, umekunjwa. Huo niliutupa kabla ya kufika.

6.
(kimerudishwa kwa mkono)

Picha. Mnadani, siku ile ile, mwezi wa tisa. Mwanamke wa pili. Mkono mmoja kiunoni, kidevu juu. Kulwa alikuwa amemaliza kunikaripia, nikawapiga pamoja, halafu huyu akamsukuma mwenzake pembeni: "Sasa nipige peke yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa peke yangu." Anaitwa Doto.

Naye nilimwambia nitamletea nakala.

Kambini nilimkuta mwisho wa benchi, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Nani huyo? Sogea. Mbali sioni, na karibu sioni vizuri."

"Yule wa kamera. Wa mnadani."

"Wa picha ambazo hukuleta."

Kuna watu ninaowadharau kuliko wote: wapiga picha wanaosema "nitaleta". Nikamwekea picha mapajani. Alizipapasa moja moja, akanusa moja.

"Ipi ya Kulwa?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu yake. Kikabaki pale.

"Alikuulizia," akasema. "Kila mnada. 'Yule mtoto mwenye kengele yake shingoni hajapita?' Nikamwambia huyo ni mtu wa mjini, ahadi yake ni salamu tu." Akaanza kuizungusha fimbo kwa mkono mwingine. "Unaitwa nani?"

"Shija."

Fimbo ilisimama.

"Basi mama yako alizaa wawili kabla yako."

"Ndiyo, mayu."

"Na kwenye kile kioo chao, nani aliyetufanya mmoja?"

Ningeweza kusema *mfumo*. Neno hilo liliundwa kwa kazi hiyo. Binti wa dirishani alikuwa ananitazama, na benchi zima, bandeji na miwani myeusi, lilikuwa limegeuka upande wangu.

"Mimi."

Hakupiga kelele. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, na sijawahi kudharauliwa vizuri hivyo.

"Umesoma sana," akasema.

Dirishani orodha ya kesho ilikuwa imebandikwa. Majina kumi na tisa. Nafasi ya ishirini ilikuwa tupu, kwa sababu ilikuwa yake, na yeye alikuwa amekufa. Niliomba iandikwe kwa kalamu. Daktari, kijana wa rika langu, alisema kalamu haimlindi; kinachomlinda ni orodha iliyotoka kwenye mfumo. Alisema vile vile kwamba hadi saa sita atakuwa pale, kisu kikiwa safi. Nilimtazama, nikajiona mimi mwenyewe ndani ya koti jeupe.

Nikarudi kwenye benchi. Nikainua kamera.

Chak.

"Umeniona?" akauliza Doto.

"Hapana, mayu. Wakati wa kubonyeza, mpiga picha haoni."

"Basi tuko sawa."

Sasa wewe unayesoma, kaa kimya kidogo. Nilisimama. Mbele ya benchi lile lote, mbele ya binti wa dirishani aliyekuwa ameinua macho kutoka kwenye kioo chake kwa mara ya kwanza, nilisema kwa sauti, ili baadaye nisije nikasema sikusema:

"Mayu Doto, kesho saa moja na nusu nitakuja kukuchukua hapa, nikuketishe kiti cha mbele kwenye mkutano wao. Projekta ninaendesha mimi. Nitaweka picha ile ya jalada ukutani, kubwa kama nyumba, nitawasomea wageni jina la Kulwa, kisha nitasoma la kwako, na sitaizima mpaka mtu mwenye ruhusa awaandike wawili, na kabla ya saa sita nitakuwa nimekurudisha kwa daktari ukiwa hai."