Meli Nyekundu

Puseletso alikuwa fundi wa kushona sare za shule kule Phuthaditjhaba, milimani Afrika Kusini, na mpaka anatimiza miaka hamsini na miwili hakuwahi kuiona bahari. Presha ya macho ndiyo iliyomtoa nyumbani. Daktari wa Bloemfontein hakumung'unya maneno: "Jicho la kulia limeshakwenda, mama. La kushoto halivuki majira ya baridi. Kama kuna kitu ulitaka kukiona duniani, nenda kakione sasa."

Mdogo wake, Moroesi, mpishi wa shule, akaomba ruhusa ya siku tano. Wakapanda basi la Durban.

"Najaza ghala," Puseletso alimwambia njiani. "Nitazame mpaka nishibe, niweke. Nikishaingia gizani nitakuwa na cha kula."

Asubuhi waliyofika walikwenda moja kwa moja ufukweni. Jicho lililobaki lilikuwa linaona kama kupitia bomba jembamba, katikati peupe na pembeni ukungu. Kwao milimani alikuwa amejifunza kutazama kipande kipande kisha kuunganisha, maana mlima unakusubiri. Bahari haikumsubiri. Akikamata wimbi, linavunjika kabla hajalimaliza. Akiinua uso atafute pale maji yanapokutana na mbingu, ameshapoteza mchanga. Alisimama pale akigeuza shingo huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, mpaka maji yakamfika kwenye soksi.

"Unaiona, dada?" Moroesi akauliza.

"Naona maji."

"Si ndiyo bahari hiyo?"

"Maji yapo hata kwenye ndoo, Moroesi."

Moroesi alimtazama dada yake akihangaika. Kisha akanyoosha mkono. "Kule mbali kuna meli. Nyekundu, kubwa kuliko kanisa letu. Inaingia bandarini."

Puseletso akaitafuta, asiipate. Akauliza ina bendera gani, ina watu juu, inakwenda kasi au polepole. Moroesi akamjibu yote, hata shati la baharia aliyekuwa akipunga mkono. Puseletso akafumba macho, akaipaka meli ile rangi kichwani mwake, akatabasamu. Siku nzima alikuwa akiitaja.

Siku ya pili walimkuta mvuta riksha, Mzulu mwenye pembe na shanga nyingi kichwani, akisubiri wageni barabara ya pwani.

"Karibuni mama zangu wa milimani!" akawatania, maana lafudhi ya Kisotho ilikuwa imeshawauza, na Wasotho hujulikana kwa kujitanda mablanketi. "Mablanketi mmemwachia nani?"

"Tumewaachia mbuzi," Puseletso akamrudishia. "Ila wewe naona umehama na zizi lako lote kichwani."

Yule bwana akacheka hadi njuga zake zikalia, na Puseletso akacheka pia. Akamwomba asimame kidogo amtazame. Mtu wa watu akasimama, akavuta pumzi kama anayepigwa picha. Puseletso aliona ncha ya pembe, kisha ushanga wa kijani, kisha jino. Akarudia. Pembe, ushanga, jino. Mtu mwenyewe hakupatikana.

"Asante, baba," akasema, na walipofika mbele akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwanamume mzima vile, nimeondoka na jino."

Tangu hapo Moroesi hakunyamaza. Sokoni alimweleza vilima vya bizari, vyekundu na vya manjano, na tumbili aliyekaa juu ya paa akimenya ndizi. Puseletso aliyapokea yote, akayaweka.

Siku ya tatu walikwenda kwenye gati refu linaloingia baharini. Moroesi akamshika mkono kwa nguvu. "Pomboo, dada! Watano! Mmoja ameruka juu kabisa!"

Mama mmoja wa Kihindi, aliyeketi karibu yao na chupa yake ya chai, akainuka haraka. "Pomboo? Wako wapi, jamani? Kila siku niko hapa, leo sijaona hata dagaa."

Moroesi akauachia mkono wa dada yake. Mama yule akawatazama wote wawili, akaiona fimbo nyeupe ya kipofu mkononi mwa Puseletso, akakusanya vitu vyake akaondoka taratibu.

"Moroesi."

"Abee, dada."

"Pomboo wapo?"

"Hawapo."

"Na tumbili?"

"Tumbili alikuwepo! Naapa kwa kaburi la mama."

"Na meli?"

Moroesi akaanza kulia.

"Uliniambia mpaka shati la baharia."

"Ulikuwa unageuza shingo vile, dada. Nilishindwa kukutazama."

"Ungenyamaza," Puseletso akasema. "Hukunipa meli, umeninyang'anya tumbili. Sasa vyote nilivyoweka, sijui kipi ni changu na kipi ni chako. Nitaanza lini kuchambua? Na kwa macho gani?"

Alikaa chini kwenye mbao za gati, Moroesi akilia pembeni yake, naye hakumgusa mdogo wake.

Siku ya nne Puseletso hakutoka kwenye chumba walichopanga. Alipoamka ukungu ulikuwa umesogea tena; uso wa mdogo wake haukuenea kwenye lile bomba, aliona pua na mdomo tu.

"Twende bustanini, dada. Nitafunga mdomo, nakuahidi."

"Nenda wewe mwenye macho."

Moroesi akatoka peke yake. Adhuhuri akarudi na nusu mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, chakula cha Durban. Wakala kwa mikono, kila mtu upande wake wa kitanda. 

Baadaye Puseletso akauliza, "Nje kukoje?"

"Mvua inanyesha."

Puseletso akainuka, akaupapasa ukuta hadi dirishani, akafungua, akatoa mkono nje kuhakikisha. Moroesi alimwona, akainamisha kichwa. Matone yalianguka kiganjani, mazito, ya kweli. Puseletso akauacha mkono palepale, ukalowa mpaka kiwiko.