Magunia Yaliyochoka Kumsubiri Mgeni Rasmi

Mwaka ule ambao mitumbwi kutoka Kongo ilishusha watu ufukweni Katonga kila siku, Mariana wa kikundi cha akina mama wa uji alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ghala la chakula la mkoa, pale Kasingirima. Ilikuwa Jumanne. Mbele yake walikuwa watu wa msikiti na masista wa kituo cha wagonjwa. Orodha ya walaji wa Mariana ilikuwa na watoto sitini na mmoja, na unga uliobaki kwake ungejaa kofia moja.

Ghala lilijaa hadi darini, ila mzigo ulikuwa haujazinduliwa. Mtunza ghala Dismasi, mwenye funguo nyingi kuliko maneno, aliwaeleza kwa mara ya nne kwamba mgeni rasmi amepata udhuru, warudi Jumanne ijayo.

“Mwanangu Dismasi,” Mariana alimwambia, “njaa ya kwetu imeshazinduliwa. Ilijikatia utepe yenyewe.”

Dismasi akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na bosi tu.

Saa nne kasoro magunia yakatoka. Hayakuvunja kitu. Gunia la maharage lilisukuma komeo kwa sikio lake, likayashikia mengine mlango. Yalikuwa na miguu mifupi minene, ya mtu aliyekaa sana. Yakashika barabara ya Katonga kwa mstari, upande wa kushoto kama inavyotakiwa. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliyaamkia, “Mwakeye,” nayo yakainama kidogo. Gunia moja la mchele, ambalo lilikuwa limenenepa, lilipumzika kwenye kivuli cha duka hadi pumzi iliporudi. Debe la mafuta lilibebwa kwa zamu, maana madebe hayana miguu.

Dismasi alikimbia nyuma na kitabu chake, akiyaomba yatie dole gumba. Mwisho akaandika: yamekataa.

Mengine yalikata kona kwenda msikitini, mengine kwa masista. Sita yalifika kwa Mariana, yakakaa kando ya mafiga yakiota moto. Mariana akaliomba radhi la karibu, akalifungua. Elida, mtoto aliyevuka ziwa bila mama yake, aliomba sahani ya pili akapewa, ya tatu akaificha ndani ya gauni. Hakuna aliyemwona, kwa sababu wote walitazama pembeni.

Bosi alikasirika. Alisema kutembea si kosa, kosa ni kuitangulia hotuba.

Jumanne iliyofuata, magunia sita ya Mariana yakiwa matupu, shehena mpya ilikuwa imeingia ghalani, na mgeni rasmi alikuwa amepata udhuru wa tano. Mariana alichungulia dirishani. Kila gunia lilikuwa limevishwa utepe na kufungwa miguu kwa kamba, kama kuku wa kuuzwa sokoni Mwandiga.

“Nani kafunga?”

“Mimi, mama,” alisema Dismasi. “Nimeagizwa.”

“Umekaza?”

“Nimekaza, mama.”

Mariana akarudi Katonga, akakoka moto, akateleka maji ya watoto sitini na wanne, kwa kuwa mtumbwi mwingine ulikuwa umefika. Maji hayahitaji kuzinduliwa. Akina mama wakayakoroga. Kutoka Kasingirima ukasikika mshindo, kisha mwingine: magunia yalikuwa yakirukaruka kwa miguu iliyofungwa, yakigonga mlango.

Elida akaja na sahani yake.

“Yanakuja, bibi?”

“Yanajitahidi,” alisema Mariana, akaongeza kuni.