Uzi Mdomoni mwa Samaki

Wavu ulikuwa umetandazwa ghalani, ukuta hadi ukuta, na mshona nyavu alikuwa ng'ambo ya pili na sindano yake, pale mama mkwe wake alipoteleza mlangoni. Kuuzunguka kungemchelewesha. Akauruka, akamdaka mzee wa watu kabla kichwa hakijagonga kizingiti. Wavuvi waliokuwa wakinywa chai waliona miguu yake tu. Kwao, mwanamke akiruka wavu, bahati imekwisha.

Jioni ile mashua yao ikarudi tupu, wavu umechanika ubavu mzima.

"Shemeji, una kisirani," nahodha alimwambia. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na chumba alicholala mjane huyo kilikuwa mali yake. "Tukirudi tupu tena, ufunge virago."

"Uzi umeoza, shemeji. Nilikwambia siku ulipouleta."

"Uzi haujaruka wavu. Umeruka wewe."

Asubuhi mashua ilipotoka, mshona nyavu alikwenda jikoni kuosha vyombo. Hakuwa na pengine pa kwenda. Alifungua bomba, akatoka samaki. Akafuata mwingine. Beseni likajaa, ndoo zikajaa, na kila samaki alikuwa ameuma kipande cha uzi mweupe, uleule wa wavu.

"Fungua polepole, mwanangu," alisema mama mkwe. "Unalowesha sakafu."

Mchana mashua ilirudi tupu. Nahodha aliingia jikoni na watu wake, akachomoa uzi mdomoni mwa samaki mmoja, akauvuta. Ukakatika. Akajaribu wa samaki wa pili, nao ukakatika. Wavuvi wakatazama vidole vya miguu yao.  Mshona nyavu alijua sasa shemeji yake ameona.

"Watieni barafu," nahodha aliwaambia watu wake. "Wawahi sokoni."

"Na mimi, shemeji?"

"Samaki ni samaki, kisirani ni kisirani."

"Huyu ndiye aliyenidaka, baba," alisema mama yake.

"Ndiyo maana sikumfukuza jana, mama."

Mshona nyavu alifungasha nguo zake na sindano yake. Ghalani, mvuvi mmoja alikuwa ameshautandaza wavu tena, anaushona kwa uzi uleule, na hakuna aliyeukunja kumpisha. Akajibana ukutani, begi kichwani, akauzunguka taratibu mpaka mlangoni, asije akaukanyaga hata ncha. Nyuma yake, jikoni, nahodha alikuwa akifungua bomba.