Sarafu ya Cherehani

Kwenye kaunta yetu, mbele ya mikate, kuna kibao cha marumaru. Kila sarafu ninayopewa naidondosha hapo kwanza, ndipo naiingiza kwenye droo. Ya kweli hulia, mlio ukavutika kidogo. Ya bandia husema "tak" ikanyamaza. Wateja wamenibandika jina la Sikio, na wengine hununa nikiidondosha sarafu yao, eti nawaona wezi. Wanune tu. Mikate ya tajiri wangu si sadaka.

Mwezi ule lakini sikuwa na hamu ya kutaniana na mtu. Muuza nyama wa duka la mkabala alikutwa na sarafu sita za bandia za mia mbili, akachukuliwa na polisi mchana kweupe, aproni yake ingali na damu. Hakuzitengeneza yeye, mtaa mzima unajua. Aliyekutwa nazo ndiye mwenyewe, wakasema, basi. Wiki ya pili sasa mkewe alikuwa akipita mbele ya duka letu na chakula cha kupeleka mahabusu, akirudi na vyombo havijaguswa. Kila niliposikia "tak", nilimkumbuka mke yule.

Za bandia nilizozikamata nilikuwa nazitia kwenye kopo la hamira. Asubuhi moja wateja walipopungua nikazimwaga karibu na dirisha, nizitazame vizuri. Zilikuwa kumi na moja. Hapo nikaona jambo ambalo sikio halikuwahi kuniambia. Sarafu za kweli huumia kila moja kivyake: hii imekwaruzika huku, ile imepinda kule. Hizi zote zilikuwa na kipengo kimoja, palepale ukingoni, chini ya sifuri ya mwisho.

Kipengo kile nakijua tangu utoto.

Mama yangu ana cherehani, na skrubu moja ya cherehani hiyo hulegea kila baada ya nguo mbili. Bisibisi ilipotea zamani, mama akaiteua sarafu moja ya mia mbili ifanye kazi yake. Sarafu hiyo haiendi dukani hata tukilala njaa. Inakaa kwenye kidroo cha cherehani pamoja na bobini, na miaka yote hiyo ya kukaza skrubu imeimega ukingoni. Wanaojua ilipo ni watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu ni fundi wa meno ya bandia. Hushika umbo la kinywa cha mtu kwa plasta, akayeyusha madini, akamimina, akasugua kwa msasa mpaka mwenye kinywa mwenyewe asijue jino lipi ni lake. Miezi miwili nyuma aliacha kulalamika kwamba hana wateja, akaanza kumjazia mama kibeti. Na mimi, mjinga, nikashukuru Mungu kwamba kitinda mimba wetu amekua. Alipotaka sarafu ya kuigia alinyoosha mkono akachukua ile ambayo hakuna atakayeiulizia. Kipengo hakukiona. Nyumbani kwetu hakuna anayekiona, tumekizoea mno.

Nikazirudisha zile sarafu kwenye kopo, na kabla sijafunga kifuniko akaingia askari kanzu.

"Dada, wewe ndiye Sikio?"

"Ndiyo."

Akapanga sarafu nne juu ya marumaru, akazigeuza zote upande mmoja, akagusa ukingo kwa ukucha. Alikuwa amekiona naye.

"Huyu bwana ameigia sarafu moja. Nikiipata hiyo, nimempata yeye. Umewahi kuiona sarafu halisi yenye alama hii?"

"Sijawahi," nikasema. Sauti ilinitoka butu, nikaogopa kwamba naye ana sikio.

Alinitazama kidogo. "Basi leo nashinda hapa. Zinapita sana mtaa huu. Anayezileta ataleta tena."

Akavuta kiti nyuma ya mlango, tajiri akamletea chai. Nikamwambia tajiri tumbo linanisokota, naomba nusu saa, ashike kaunta. Nilitembea polepole mpaka kona, kisha nikakimbia kama mwizi. Nilijiambia naitupa chooni sarafu ile kwanza, halafu namfuata yule mpumbavu nimkabe koo.

Nyumbani palikuwa kimya. Nguo iliyoshonwa nusu ilikuwa bado chini ya sindano. Nilivuta kidroo nikiomba nisiikute, au niikute na nione nimekosea. Ilikuwepo. Ndani ya kipengo chake mlikuwa na unga mweupe wa plasta.

"Unamtafuta mama?" jirani akaniita kutoka kwenye kamba ya nguo. "Mmepishana! Ameenda dukani kwenu. Anasema leo na yeye akanunue mkate kwa mwanawe kama mteja. Mdogo wako kamwachia hela asubuhi, mama wa watu kafurahi huyo!"

Nilirudi mbio nikiifumbata sarafu mkononi, na njia nzima sikuwa naona kitu ila vyombo vya yule mke wa muuza nyama.

Mama alikuwa kaunta, amevaa viatu vyake vya kutokea. Aliponiona uso ukachanua.

"Njoo uone, hata mimi naweza kazi yako!"

Akadondosha sarafu. Tak. Akadondosha nyingine. Tak.

"Mbona zangu haziimbi?" akauliza akicheka.

Askari aliweka kikombe chini akasimama.

"Mama, hizi umezipata wapi?"

Mama aliokota moja aitazame. Dole gumba lake likapita ukingoni, likasimama kwenye kipengo. Dole lile limekaza skrubu kwa sarafu ile miaka ishirini na ushei. Nikaona kicheko kikimtoka usoni, na nikajua ameshajua.

"Zangu," akasema.

"Nani kakupa?"

"Hakuna aliyenipa. Zangu mwenyewe."

Askari akatoa pingu. Mama akanyoosha mikono bila kuambiwa, na macho yake yakanishika: nyamaza. Tangu nizaliwe sijawahi kuogopa namna ile. Nikinyamaza, mama analala mahabusu. Nikisema, analala mdogo wangu niliyemfundisha kutembea.

Nikafumbua kiganja, nikaidondosha sarafu ya cherehani juu ya marumaru. Ililia vizuri, mlio mrefu, duka zima likasikia.

"Ndiyo hiyo uliyokuwa unaitafuta," nikamwambia askari. "Nenda nyuma ya zahanati, kibanda cha fundi meno. Ni mdogo wangu."

Mama aliifunika ile sarafu kwa kiganja mpaka ikanyamaza, akabaki ameuweka mkono pale juu ya jiwe.

"Mimi nimeshazeeka," akasema, hata hakuniangalia. "Kwa nini hukuniacha niende mimi?"