Blanketi Lililokula Mapazia

Kila Desemba, tangu nikiwa msichana wa kwaya, ukuta wa mbele wa kanisa letu umevishwa kitambaa kutoka Milimani, mtaa wa wenye pesa. Satini nyeupe, bado iko na mikunjo ya dukani, inateremshwa kwa gari la Madam Sue wiki ya Krismasi. Sisi wa landi, zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, tunapewa kazi ya kuipiga pasi. Siku yenyewe ikifika pasta anamsimamisha Sue, watu wanapiga makofi. Mwaka mmoja Sue alishika maikrofoni akasema, "Na asanteni pia wale walionisaidia huko nyuma."

Huko nyuma! Mama yangu Eucabeth alishona blanketi kiwandani mpaka siku walipofika asubuhi wakakuta lango lina mnyororo, Krismasi ikiwa imekaribia na watoto wanangoja nguo. Hakuna aliyekuja kuwaeleza kitu. Leo hii anaitwa wa huko nyuma. Watu walicheka wakaenda zao kula chapati. Mimi sikusahau, na mwaka huu nikasema, sasa imetosha.

Nikasimama kwa mkutano wa kanisa.

"Pasta, hapa ndani kumekaa akina mama walioshona blanketi ambazo nusu ya nchi hii ilijifunika. Kwa nini Yesu azaliwe ndani ya kitambaa cha kununua?"

Benchi za nyuma zikasema amina kwa sauti. Pasta Nicodemus ni mtu wa kuogopa fujo. Alijipangusa uso.

"Mercyline, wewe na maneno yako. Sawa, leteni yenu. Lakini ifunike ukuta mzima, kona mpaka kona. Ule ufa siutaki kwa picha za Krismasi. Na ikikosa kutosha asubuhi hiyo, tunaweka ya Madam Sue na sitaki kusikia siasa."

"Itatosha," nikasema, na sikuwa nimepima hata inchi moja ya ule ukuta.

Mama ndiye alitoa mpango. Blanketi la viraka, kila nyumba ilete vipande vya nguo zilizofanya kazi: makoti ya kiwandani, ovaroli za reli, sare za shule, magauni ya kwaya yaliyopauka. Macho yake siku hizi hayapendi kusoma simu, kwa hivyo aliniambia nimrekodi, nikatuma sauti yake kwa grupu la akina mama.

"Wasichana wangu," akasema, na wengine wao ni nyanya za watu, "kila kiraka kiwe sawa pande zote. Tepu msishike. Tepu ni ya supavaiza. Fungua mkono wako, kutoka kidole gumba mpaka kile cha mwisho, mara mbili. Hapo kata."

Hilo la tepu halikuwa mzaha. Supavaiza wao wa kiwandani alikuwa akitembea na tepu shingoni kama nyoka wake wa kufugwa, na kazi aliyotaka kuikataa aliipima mpaka ikakataa. Mama aliapa kwamba kitu hicho hakitaingia kwake, na mimi nimekua nikivaa magauni yaliyopimwa kwa vidole. Kwa hivyo sauti ilipokwisha, niliongeza maneno yangu chini yake: Atakayeonekana na tepu ni msaliti.

Landi ikawaka! Ukipita jioni, kila mlango ulikuwa na mama ameketi, uzi mdomoni. Chelagat alishona kando ya karai lake la mandazi, mafuta yakichemka, akimfokea mteja asimguse kiraka. Wangui, ambaye ndiye fundi wetu wa kweli, alikanyaga cherehani yake mpaka majirani wakaizoea kama saa ya ukutani. Waume walianza kuficha suruali. Ndugu yangu Sitati alirudi kutoka Salgaa, anakotengeneza maturubai ya malori, akakuta ovaroli ya marehemu baba imeshakuwa miraba.

"Hata hamkuniuliza?"

"Ulikuwa unaivaa?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi sasa itavaliwa na kanisa zima. Leta hiyo turubai kubwa tutandike nje."

Mkesha wa Krismasi, jua likiwa bado linachoma na lile vumbi letu la Desemba likizunguka uwanjani, tulitandika turubai na akina mama wakaja. Wangui alibeba cherehani kichwani, meza yake ya kukanyagia ikifuata kwa mkokoteni, na wengine wawili wakaleta zao. Kila mmoja alikuja na furushi lake, na kila furushi likifunguliwa, vigelegele! Bluu ya reli, kijivu cha kiwanda, kijani cha sare, zambarau ya kwaya. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka miguu haikutulia. Kichwani nilishaiona satini ikirudi Milimani kwa nailoni yake.

Kisha tukaanza kupanga.

Kiraka cha Chelagat kilikuwa kama mkeka wa mlangoni. Kile cha Wangui, ukikiweka kando yake, nikasema kwa sauti, kilikuwa kitambaa cha kufutia kamasi.

"Wangui, si uliambiwa mara mbili?"

"Mara mbili hii hapa!" Wangui akafungua mkono wake mdogo hewani. Chelagat akafungua wake. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Tuliangalia ile mikono miwili, halafu kila mtu akaanza kuangalia wake.

"Aki Mercyline," mtu akasema nyuma yangu, "si ungetuachilia tu tepu."

"Tepu ni ya supavaiza!" nikasema.

"Na kesho ni ya Madam Sue."

Hapo ndipo wakacheka, kicheko kile cha kutoka kwa hofu. Nilichukua makasi. Nikasema tukate vyote viwe kama vile vidogo vya Wangui, tushone upesi, tumalize. Sitati, ambaye jana yake alikuwa ameenda kanisani na ngazi kupima ukuta kwa kamba, akaitandaza ile kamba juu ya turubai. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Tukikata, blanketi lingefika katikati ya ukuta, na ufa ungekaa palepale umetoa macho.

Mama alikuwa ameketi kwa kiti chake akipapasa viraka kwa vidole.

"Hiki cha nani? Kikubwa hivi?"

"Cha Chelagat, mama."

"Hakuna wa kukata kazi ya mwenzake hapa. Kiwandani walitukatia kutosha."

"Sasa mama, tufanye nini? Kesho ni kesho."

Wangui ndiye alijibu, akiwa bado amekasirika kwa sababu ya lile neno la kamasi.

"Mtoto akirefuka, gauni la shule unatupa? Si unaongeza ukanda chini, na mwaka ukifuata unaongeza mwingine? Basi. Vyangu ni vitoto. Tuviwekee mikanda vilingane na vya huyu jitu."

"Jitu ni nani?" Chelagat akauliza.

"Wewe. Leta mkono nipime."

Tukaruka! Kila mwanamke pale amewahi kuongeza mtoto gauni. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mkono wa Chelagat ukawa ndio kipimo, akakaa katikati ameufungua, watu wakimletea viraka kama mtu anayetoa chanjo. Shida ikawa kitambaa cha mikanda. Vipande tulikuwa tumevimaliza, na mjini maduka ya vitambaa yalishaanza kushusha milango.

Wangui akaangalia nyumba yake. Dirishani kulining'inia mapazia yake mekundu yenye maua, yamefuliwa na kupigwa pasi tayari kwa wageni. Kwetu unaweza kukosa nyama Krismasi, lakini huwezi kumkaribisha shemeji dirisha likiwa uchi. Alisimama akayatazama kama anayaaga. Kisha akaingia, tukasikia pete za pazia zikilia kwa waya, akatoka nayo begani.

"Mimi nimeanza. Na kuna mtu hapa ana madirisha matatu."

Wakatawanyika mbio! Landi nzima ililia pete za pazia. Waume walitoka vibarazani kuuliza kama ni wezi. Jua lilipokuwa linashuka, hakuna dirisha la safu yetu lililokuwa na kitu, ungeweza kuona hadi ndani kila sufuria ya kila mtu, na cherehani zilikuwa zinanguruma uwanjani kama malori ya kupanda mlima. Giza lilipoingia blanketi lilikuwa limekamilika, na lilihitaji wanaume wanne kulikunja.

Asubuhi ya Krismasi tuliingia kanisani kabla ya kwaya. Madam Sue alikuwa ameshafika, ameketi mbele kwa viatu virefu, satini ikiwa imekunjwa mapajani.

"Krismasi njema, Mercyline. Hii nimekuja nayo tu, ikihitajika."

"Haitahitajika, madam."

Sitati akapanda ngazi, akapitisha blanketi kwenye ile fimbo ya bati ya miaka yote. Likafunguka kutoka kona mpaka kona. Bluu, kijivu, maua mekundu ya Wangui. Ufa haukuonekana. Watu waliokuwa wanaingia walisimama njiani. Mzee mmoja alitambua koti la kiwandani la marehemu mkewe, akavua kofia. Nilimgeukia pasta na mdomo wangu ulikuwa umeshajaa maneno.

Fimbo ikavunjika.

Ilikuwa fimbo ya kubeba satini, si ya kubeba mapazia ya mtaa mzima. Blanketi likaanguka lote, likamfunika Sitati na ngazi yake. Pasta akaangalia saa, akaangalia watu waliojaa hadi mlangoni, na sauti yake ikawa ya upole, ile ninayoichukia.

"Mmejaribu, Mercyline. Kwa leo tuweke ile nyepesi."

"Pasta, ulisema ifunike ukuta. Hukusema ishikwe na nini."

"Sasa itashikwa na nini?"

Nilivuta benchi nikaisukuma hadi ukutani, nikapanda. Chelagat akavuta nyingine. Wangui, wasichana wa kwaya, akina mama wote, tukapanga mstari migongo ukutani, tukainua ule upindo juu ya vichwa vyetu. Mama naye akataka kupandishwa, akapandishwa kando yangu. Kutoka mbele, nimeambiwa, ulionekana ukuta wa rangi na vidole tu juu yake. Sisi ndani tulikuwa kwenye kivuli chekundu cha mapazia, tukipumua harufu ya sabuni na mafuta ya mandazi.

Kanisa likalipuka! Makofi, vigelegele, mtu akipiga kayamba bila mpangilio. Nyimbo zikaanza na sisi tukaimba tukiwa ndani.

Mahubiri yalipofika, mikono ikaanza kuwaka. Nilimwona Mama akikunja viwiko.

"Mama, shusha."

"Nyamaza."

"Mama, utaanguka."

Kona yake ikaanza kulegea. Ilishuka kidogo, ikashuka tena, na mimi sikuwa na mkono wa tatu. Nje nikasikia watu wakiguna. Halafu upindo ukanyanyuliwa chini, na mtu akaingia akiinama, miguu mitupu, nywele za saluni zimenasa kwa uzi. Madam Sue. Alimshika Mama kiuno akamteremsha akae kwenye benchi, akapanda mahali pake, akainua.

Tukakaa hivyo bega kwa bega. Nilingoja aseme kitu cha Milimani.

"Sikujua mnashona," akanong'ona.

"Hukuuliza."

"Miaka yote hii mnapiga pasi kitambaa changu mmenyamaza."

"Hatukunyamaza. Tulikuwa tunaongea sana. Wewe ndiye hukuwa unasikia."

Kando yetu Mama alicheka chini chini, nilimsikia. Sue akabadilisha mguu, akauma mdomo, lakini ile kona haikushuka.

"Mercyline."

"Mm."

"Hii kitu ni nzito."

"Ni nzito, ndiyo."

"Si amesema amina? Si amemaliza?"

"Hiyo ni amina ya utangulizi, madam. Shika vizuri. Bado matoleo."