Jina la Mwalimu Mkuu

Umulisa hakupanda pikipiki kutoka Masaka na binti yake ili warudishwe mlangoni.

“Mama Shimwa, mtoto haoni wala hasikii,” alisema Mugenzi, mwalimu mkuu. “Darasani atajifunza nini?”

“Mpe mkono, mwalimu. Hang'ati.”

Shimwa, mwenye miaka saba, aliukagua mkono ule, akapanda hadi begani, akafika kwenye upara. Akacheka. Kisha akamchorea mama yake duara kiganjani na kulipiga kofi dogo.

“Amekupa jina,” Umulisa alisema. “Kwetu kila mtu ana lake. Bibi yake ni kuvutwa sikio. Wewe ni upara.”

“Amebahatisha tu!”

Mugenzi alitoka, akarudi ananyata, kavaa kofia ya mlinzi. Umulisa alijizuia kumwambia kwamba kunyata hakukuwa na maana. Shimwa aliushika mkono, akaunusa, akaivua kofia. Duara, kofi.

Mugenzi alicheka mwenyewe, akafungua daftari la wanafunzi. “Namwandika. Lakini hilo jina walimu wasilijue.”

“Umechelewa, mwalimu. Geuka.”

Dirishani, walimu watatu walikuwa wakichoreana duara viganjani.